Hofu aliyojifunza mnyama inakaa wapi kwenye ubongo? Tusiitwishe amigdala mzigo wote

#1 Kalamu Nyeusi

Wakuu, salaam.

Kila mada ya hofu ikianzishwa humu, mchangiaji wa kwanza anaandika "amigdala" (kile kijisehemu cha umbo la lozi ndani ya ubongo) na mjadala unafungwa. Naona tunarahisisha mno. Umuhimu wa amigdala siubishii, lakini hofu ambayo mnyama amejifunza imegawanywa kwenye sehemu kadhaa za ubongo. Ukiharibu sehemu fulani unaweza kupoteza kipande tu cha hofu, kingine kikabaki kizima.

Chukueni jaribio la Kim na Fanselow la mwaka 1992. Panya anawekwa kwenye kizimba, mlio unasikika, kisha sakafu ya vyuma inampiga umeme mdogo miguuni. Kurudia mara chache tu kunatosha. Baada ya hapo panya ana hofu mbili: anauogopa mlio hata akiusikia mahali pengine, na anakiogopa kizimba kile hata kikiwa kimya kabisa. Wanachopima ni kuganda. Panya anajikunyata, kichwa hakigeuki, kinachocheza ni mbavu tu akipumua.

Wakaharibu hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu za mahali, siku moja baada ya somo. Hofu ya kizimba ikapotea, ya mlio ikabaki vilevile. Panya wengine wakaachwa hadi siku 28 ndipo nao wakaharibiwa hipokampasi, na hao waliendelea kukiogopa kizimba.

Tukio ni moja, kichwa ni kimoja, hofu ni mbili, na mojawapo haikuhitaji tena hipokampasi siku zilipopita. Anayesema kila kitu ni amigdala anieleze hapo.

#2 Sina Haraka

Nimekaa siti ya mbele. Mwageni madini.

#3 Mzee wa Hoja

Kalamu, umeanza kwa kasi ukaruka msingi. Miaka ya 1930 Klüver na Bucy walitoa amigdala za kima, na kima wale wakawa wanasogelea bila wasiwasi vitu vilivyokuwa vikiwatisha, nyoka akiwemo. Mwaka 1972 Blanchard na mkewe wakaonyesha panya waliojeruhiwa amigdala wanamsogelea paka kama hawana habari.

Na kwenye jaribio lako umechagua nusu ya hadithi. Mwaka uleule wa 1992 Phillips na LeDoux walilinganisha sehemu zote mbili. Ukiharibu hipokampasi, hofu ya mahali inaondoka peke yake, sawa. Ukiharibu amigdala, hofu ya mlio na hofu ya mahali zinaondoka zote. Hipokampasi inatengeneza picha ya mahali, halafu inaipeleka amigdala ikafungwe pamoja na maumivu. Anayefunga fundo ni amigdala.

#4 Nzige Mweupe

Mzee, weka sawa hapo juu. Klüver na Bucy hawakutoa amigdala peke yake. Walitoa sehemu kubwa ya ubongo wa pembeni pande zote mbili, na kima wale walikuwa na vurugu nyingine nyingi, ikiwemo kuweka kila kitu mdomoni na kutotambua vitu kwa macho. Aliyeilenga amigdala ni Weiskrantz, mwaka 1956. Na Blanchard wamepima paka ambaye panya wa maabara anamwogopa bila kufundishwa. Uzi huu ni wa hofu ya kujifunza.

#5 Mzee wa Hoja

Weiskrantz ndiye, hilo halibadilishi hoja. Kima wake walishindwa pia kujifunza kukwepa umeme. Hiyo ni ya kujifunza au siyo?

#6 Binti Fizikia

Kabla hamjakamatana mashati, naomba tufuate njia yenyewe, maana hapo ndipo penye utamu.

LeDoux na wenzake miaka ya 1980 walijiuliza mlio unafikaje kwenye hofu. Wakaanza kukata kituo kimoja baada ya kingine kutoka sikioni kwenda juu. Gamba la ubongo (tabaka la nje) la usikivu likiharibiwa, panya anajifunza kuuogopa mlio kama kawaida. Thalamasi ya usikivu, kituo kinachopokea sauti kabla ya gamba, ikiharibiwa, hajifunzi. Maana yake kuna njia ya mkato inayotoka thalamasi kwenda amigdala moja kwa moja, haisubiri gamba la ubongo lichambue ule mlio ni wa nini. Njia ndefu ya kupitia gamba ipo pia, nayo inasaidia kutofautisha sauti zinazokaribiana.

Ndani ya amigdala pia kuna vyumba. Kiini cha pembeni ndiko habari ya mlio na habari ya maumivu zinakokutana. Seli ambayo mwanzo ilikuwa inaitikia mlio kidogo, baada ya somo inaitikia kwa nguvu. Kiini cha kati ndicho kinachotoa amri. Hapa nawaomba msome taratibu: kutoka kiini cha kati nyuzi zinagawanyika. Nyingine zinakwenda haipothalamasi ya pembeni, nyingine zinakwenda eneo la kijivu linalozunguka mfereji wa maji katikati ya shina la ubongo. Mwaka 1988 walionyesha kwamba ukiharibu ile haipothalamasi, shinikizo la damu halipandi mlio ukisikika lakini panya anaganda. Ukiharibu lile eneo la kijivu, hagandi ng'o, lakini shinikizo la damu linapanda kama kawaida.

Ukimwangalia kwa macho panya wa pili utasema haogopi. Mishipa yake inasema kingine.

#7 Sina Haraka

Binti, asante. Hiyo aya ya mwisho nimeirudia.

#8 Tabibu wa Mifugo

Nami nitie neno kutoka kazini. Nilikuwa natibu jeraha la kwato la ng'ombe mmoja, sindano na kusafisha kidonda, na maumivu yalikuwepo. Akapona. Baadaye nikirudi kuwaangalia wenzake, yule anaanza kupiga kwato na kutoa macho kabla hajaniona. Nikadhani ni sauti ya gari. Nikaja kwa miguu, hali ileile. Mwisho nikagundua ni harufu ya dawa ya kuulia vijidudu iliyoshika kwenye koti langu. Nilipovaa nguo safi na kusimama palepale alinisogelea akanilamba mkono.

Harufu haipiti thalamasi kwanza kama sauti. Ina nyuzi zinazotoka kwenye balbu ya harufu, kiuvimbe kilicho mbele ya ubongo, kwenda moja kwa moja sehemu ya amigdala. Kwa hiyo ile ramani ya #6 ni ya sauti. Kila mlango wa fahamu una njia yake.

#9 Nzige Mweupe

Tabibu umetisha. Narudi kwa Mzee.

Wapo watafiti, McGaugh akiwa mstari wa mbele, wanaosema amigdala haihifadhi hofu. Kazi yake, kwa mujibu wao, ni kuzisukuma sehemu nyingine zihifadhi kwa nguvu zaidi pale jambo linapokuwa zito, kwa msaada wa homoni za mshtuko. Mwaka 1998 Vazdarjanova na McGaugh waliwachukua panya walioharibiwa amigdala, wakawapiga umeme kwenye tawi moja la njia panda. Baadaye panya wale waligandaganda kidogo sana kuliko wazima. Ila ukitazama wanakokwenda, walikuwa wakilikwepa lile tawi. Walijua! Kilichopungua ni kuganda.

Kwa hiyo jaribio linalopima kuganda tu linaweza kutudanganya. Unamharibu mnyama breki za mwili, halafu unatangaza kwamba umemfutia kumbukumbu.

#10 Mzee wa Hoja

Hoja nzuri, lakini ijibiwe na haya mawili.

Mwaka 2000 Nader, Schafe na LeDoux walimkumbusha panya hofu yake kwa kumsikilizisha mlio, kisha palepale wakaingiza kwenye amigdala dawa inayozuia seli kutengeneza protini. Kesho yake hofu imeporomoka. Waliopewa dawa bila kukumbushwa hawakupoteza kitu. Kama amigdala ni msukumaji tu wa mizigo ya wengine, kwa nini kumbukumbu ya zamani ibomoke ikiguswa pale?

La pili, mwaka 2009 timu ya Josselyn ilionyesha kwamba seli za kiini cha pembeni zenye kwa wingi CREB, protini inayosaidia seli kutunza kumbukumbu, ndizo zinazochaguliwa kubeba kumbukumbu ya hofu. Wakaziua hizo tu baada ya somo. Hofu ile ikapotea, na panya bado waliweza kufundishwa hofu mpya. Breki za mwili zilikuwa nzima, Nzige.

#11 Bibi Tausi

Mafahali wawili zizi moja, haya. Mie nina swali la mtu wa kawaida.

Mbwa wangu aligongwa na pikipiki. Ikawa akisikia tu injini anaingia chini ya kitanda. Nikamzoesha taratibu hapa nyumbani, pikipiki imezimwa, kisha inawashwa mbali, kisha karibu, na vipande vya nyama juu yake, hadi akawa analala pikipiki ikipita. Nikajua imeisha. Nikampeleka matembezi mtaa mwingine, pikipiki ikapita, akakata kamba. Kumbukumbu si ilishafutika? Imerudi vipi?

#12 Kalamu Nyeusi

Bibi, haikufutika. Hili Pavlov aliliona kwa mbwa wake: itikio lililozimwa kwa mazoezi linarudi lenyewe ukipumzisha mnyama kwa muda. Bouton naye ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba kuzimika kwa hofu ni somo la pili linalowekwa juu ya la kwanza, na hilo la pili limefungamana na mahali lilipofundishwa. Mbwa wako amejifunza kwamba pikipiki *ya nyumbani* haina madhara. Mtaa ule hakuwahi kufundishwa.

Na hapa sehemu nyingine mbili zinaingia. Kwenye gamba la mbele la ubongo wa panya kuna eneo linaloitwa infralimbiki. Mwaka 2002 Milad na Quirk walisikiliza seli zake: wakati hofu inazimwa kwa mara ya kwanza zimekaa kimya, kesho yake mlio ukipigwa zinalipuka, na panya ambaye seli zake zinaitikia zaidi ndiye anayeganda kidogo. Wakaliamsha eneo hilo kwa umeme pamoja na mlio kwa panya ambao hawakuwahi kuzimiwa hofu, kuganda kukapungua. Jirani yake wa juu, prilimbiki, anafanya kinyume, anaichochea hofu. Hipokampasi ndiyo inayosema "hapa ni nyumbani" au "hapa sipo nyumbani", na hivyo kuamua somo lipi litumike.

Kwa hiyo mbwa wa Bibi ana sehemu tatu zinazozungumza. Mzee, amigdala yako haikuwa peke yake.

#13 Mzee wa Hoja

Zinazungumza na nani? Na amigdala. Soma ulichoandika.

#14 Tabibu wa Mifugo

Bibi, mazoezi yale yafanye mahali pengi, na watu tofauti, na pikipiki tofauti. Usianzie karibu. Mnyama akishaanza kutetemeka hapo hajifunzi utulivu, unamwongezea somo la kwanza. Watu wengi wanamshika mbwa kwa nguvu mbele ya kinachomtisha "azoee". Akinyamaza wanafikiri amezoea, kumbe ameganda.

#15 Bibi Tausi

Asante mwanangu. Hiyo ya kunyamaza nimewahi kuiona kwake.

#16 Msomaji Kimya

Mbona hamjataja kimelea cha toksoplasma? Panya akiambukizwa hamwogopi tena paka. Si ushahidi kwamba hofu inafutika kabisa?

#17 Binti Fizikia

Hiyo ni hofu ya harufu ya paka, ya kuzaliwa nayo, ileile aliyoikataa Nzige kwenye #4. Panya wa maabara ambaye hajawahi kuona paka anaiogopa harufu yake. Hofu za kujifunza na za kuzaliwa zinachangia baadhi ya vituo, lakini njia haziko sawa.

Ila umenikumbusha jambo: hata kujifunza kuna mipaka aliyozaliwa nayo mnyama. Mwaka 1966 Garcia na Koelling waliwapa panya maji matamu yanayotoa pia mwanga na kelele kila wakilamba. Waliofanywa waugue tumbo wakaukataa utamu, mwanga na kelele hawakujali. Waliopigwa umeme wakaogopa mwanga na kelele, utamu wakaunywa tu. Ubongo hauunganishi chochote na chochote.

#18 Jicho la Kunguru

Nimengoja muda wote mfike kwa ndege. Mwaka 2006 kule Seattle, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington wakiongozwa na Marzluff walivaa barakoa ya aina moja walipokuwa wakiwanasa kunguru, wakawaachia. Miaka ikapita, mtu yeyote akivaa barakoa ile kunguru wanamzomea na kumfuata. Na wanaozomea ni wengi kuliko walionaswa. Wengine wamefundishwa na wenzao!

Kima nao vivyo hivyo. Mineka na Cook, miaka ya 1980, walichukua kima waliokulia maabara wasioogopa nyoka. Wakamtazama mwenzao akimwogopa nyoka, wakaanza kuogopa, wala hawakuumwa. Walipoonyeshwa video iliyounganishwa ili ionekane mwenzao anaogopa maua, hawakujifunza kuogopa maua. Hii inamuunga mkono Binti.

Na tembo wa Amboseli: utafiti wa McComb uliotoka 2014 ulipiga sauti zilizorekodiwa. Sauti za wanaume wa Kimaasai ziliwafanya tembo wajikusanye na kurudi nyuma kuliko sauti za wanaume wa Kikamba, na kuliko za wanawake na watoto wa Kimaasai. Wanajua mkuki uko mkononi mwa nani.

#19 Nzige Mweupe

Jicho, mifano hiyo ni dhahabu, lakini hakuna aliyepasua ubongo wa tembo. Tabia tunaijua, kituo chake hatukijui. Tusiichukue ramani ya panya tukambandika kila kiumbe.

#20 Sina Haraka

Ndiyo hilo lililonileta. Konokono wa baharini aitwaye Aplysia hana amigdala. Ana takriban seli za neva 20,000. Mwaka 1981 Walters, Carew na Kandel walimwonjesha harufu ya kamba wa baharini pamoja na umeme, na baadaye harufu hiyo ikamfanya aitikie kwa ukali zaidi hata alipoguswa kidogo. Nzi wa matunda naye anajifunza kukwepa harufu iliyoambatana na umeme, akitumia sehemu ya ubongo wake iitwayo mwili wa uyoga.

Kwa mtazamo wangu mnauliza "wapi" wakati jibu liko kwenye "vipi". Kilichobadilika ni nguvu ya viungio kati ya seli. Amigdala ni mahali ambapo mamalia wanalifanyia hilo.

Na swali kwa Kalamu. Mwaka 1997 Maren, Aharonov na Fanselow waliharibu hipokampasi *kabla* ya somo. Panya wakajifunza kukiogopa kizimba vizuri tu. Kama hofu ya mahali inaihitaji hipokampasi, hao wameipata wapi?

#21 Kalamu Nyeusi

Swali zito. Maelezo ninayoyakubali ni kwamba panya mzima anakichukua kizimba kama picha moja nzima, na hipokampasi ikiwepo inashika usukani na kuzizuia njia nyingine. Isipokuwepo tangu mwanzo, panya anajifunza vipande: harufu hii, vyuma hivi, mwanga ule. Kipande kimoja kinatosha kumgandisha. Ndiyo maana kuiharibu muda mfupi baada ya somo kunauma zaidi kuliko kuiharibu kabla ya somo.

Na zile siku 28 za mwanzo: mwaka 2004 Frankland na wenzake walizima kwa muda eneo la gamba liitwalo singuleti ya mbele kwenye panya wa aina ndogo. Hofu ya mahali iliyokuwa changa haikuguswa, iliyokomaa ikapotea. Kwa hiyo kuna mzigo unaohamia kwenye gamba.

#22 Mzee wa Hoja

Maelezo ya vipande yanaeleza kila kitu, na ndicho kinachonitia shaka. Matokeo yakija hivi ni picha, yakija vile ni vipande. Utayapimaje kabla hujaona matokeo?

#23 Kalamu Nyeusi

Mpe panya vizimba viwili vinavyofanana kwa vipande vingi, umpige umeme kimoja tu. Mwenye picha atavitofautisha, mwenye vipande ataviogopa vyote. Kutenganisha hili na lile ndiko asiye na hipokampasi anakopata tabu.

#24 Mzee wa Hoja

Hapo umejitetea kiume. Bado nadai amigdala ndiyo fundo.

#25 Tabibu wa Mifugo

Niwaongezee ugumu mwingine. Regina Sullivan na wenzake wamefanya kazi na watoto wa panya. Kabla ya umri wa siku kama 10, ukimpa mtoto harufu pamoja na umeme mdogo, haikwepi ile harufu. Anaifuata! Maumivu anayasikia, amigdala anayo, lakini haishiriki. Akivuka umri huo anaanza kuikwepa. Mwanasayansi akimpa yule mdogo homoni ya mshtuko iitwayo kortikosteroni, anajifunza kukwepa kama mkubwa. Na yule aliyevuka umri kidogo, mama yake akiwepo karibu wakati wa somo, homoni inashuka na mtoto anairudia tabia ya kuifuata harufu. Hayo ya mama yalichapishwa 2006.

Kwa mtoto asiyeweza kutoka kwenye kiota ina mantiki: harufu ambayo angeikimbia ingekuwa ya mama yake.

#26 Nzige Mweupe

Unaona, Mzee? Amigdala ipo na hofu haipo. Kinachoamua ni homoni, yaani upande wangu.

#27 Mzee wa Hoja

Amigdala haikushiriki, hofu haikuwepo. Iliposhiriki, hofu ikaja. Huo ni upande wangu, tena kwa matokeo uliyoyashangilia mwenyewe.

#28 Binti Fizikia

Mmesoma aya moja mkatoka na magoli mawili. Kuna mgonjwa anayejulikana kwa herufi S.M., mwanamke ambaye ugonjwa umeharibu amigdala zake zote mbili. Nyoka na buibui hawamtishi. Mwaka 2013 alipumulishwa hewa yenye asilimia 35 ya kaboni dayoksaidi, akashikwa na taharuki kubwa. Hofu ya ndani ya mwili ilipata njia isiyopita pale. Kila mmoja wenu aseme anaiweka wapi hiyo, ndipo tuendelee.

#29 Nzige Mweupe

Hiyo haikuwa ya kujifunza, Binti. Sheria ya #4 inakuhusu nawe.

#30 Binti Fizikia

Haikuwa. Basi nibadilishe swali: mkimpa harufu fulani kila mara kabla ya ile hewa, ataanza kuiogopa harufu yenyewe? Mzee atasema hapana, Nzige atasema ataikwepa bila mapigo ya moyo kupanda. Andikeni kila mmoja jibu lake na sababu.